Je, kuongezeka kwa washarika ni kipimo cha kweli cha afya ya kiroho?

Mzee wa Kanisa, Kilimanjaro

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa kwa kipindi cha tatu sasa, na kila mwezi wa Januari mimi na katibu wa usharika ndio tunaokaa mezani kujaza taarifa ya mwaka. Fomu yenyewe inauliza mambo yanayohesabika: watoto waliobatizwa, vijana waliopata kipaimara, ndoa zilizofungwa, waliohamia, waliohama, waliofariki, walioshiriki Meza ya Bwana, sadaka ya kawaida, ahadi za bahasha, mavuno, na fedha za jengo. Mwaka huu tulipolinganisha na taarifa za zamani tuliona kwamba katika miaka 10 tumeongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Jambo hilo lilipotangazwa katika mkutano mkuu wa usharika watu walipiga makofi, kwaya ikasimama ikaimba, na ikasemwa kwamba hiyo ni ishara ya wazi kuwa Roho Mtakatifu anatenda kazi kati yetu.

Nilipiga makofi pamoja na wenzangu, lakini nilirudi nyumbani na mzigo moyoni. Katika miaka hiyohiyo 10 nimekaa kusuluhisha, na mara nyingi nimeshindwa kusuluhisha, kesi za vihamba, yaani mashamba ya ukoo, kati ya ndugu wa tumbo moja ambao wote wawili huketi mabenchi ya mbele. Jumuiya za nyumba kwa nyumba, ambazo zamani zilijaza sebule mpaka watoto wakakaa nje, sasa huhudhuriwa na akina mama watano na mzee mmoja, na mzee huyo mara nyingi ni mimi. Mnada wa baada ya ibada, ambao uliwekwa ili asiye na fedha naye apate kumtolea Mungu kwa mkungu wake wa ndizi au kuku wake, umegeuka kuwa mahali ambapo wenye nafasi hushindana kumnunua kuku kwa bei ya mbuzi huku wengine wakitazama.

Sisemi kwamba ongezeko ni baya. Ninachouliza ni hiki: je, mnaona ni halali kuichukua idadi kuwa kipimo cha afya ya kiroho ya kanisa? Na kama si halali, mzee wa kanisa aliyepewa fomu ya kujaza aandike nini?

Mwinjilisti mstaafu, Bukoba

Amina, Mzee wangu. Nianze kwa kuitetea hesabu kidogo, kwa sababu wapo watu ambao wakisikia swali kama lako hukimbilia mara moja habari ya Daudi kuwahesabu Israeli na tauni iliyofuata, kana kwamba kuhesabu kwenyewe ndiko kulikokuwa kosa. Luka hakuona haya kuandika kwamba siku ya Pentekoste waliongezeka watu wapata elfu tatu. Mchungaji aliyeachwa na kondoo mmoja asingejua kwamba amepotea kama asingekuwa amewahesabu wale mia.

Hata harakati ya ukuaji wa kanisa, ambayo leo tunaisikia katika semina zenye picha za ngazi na mishale, ilianza kwa nia ya ukweli. Mwanzilishi wake, Donald McGavran, alikuwa mmisionari wa Kimarekani aliyezaliwa India mwaka 1897 na kufanya kazi hukohuko kwa miaka mingi. Kilichomsumbua ni kwamba vituo vya misheni vilikuwa na shule, hospitali na taarifa ndefu za kazi, ilhali watu waliokuwa wakimwamini Kristo walikuwa wachache mno, na hakuna aliyetaka kuuliza kwa nini. Kwake yeye hesabu ilikuwa njia ya kuvunja udanganyifu wa taarifa nzuri. Mwaka 1965 alianzisha chuo cha kufundisha mambo hayo huko Pasadena, California, na kutoka huko fikra zake zikaenea dunia nzima. Tatizo lilikuja baadaye, pale dawa ya taarifa nzuri ilipogeuka yenyewe kuwa taarifa nzuri.

Lakini nakuomba usome Matendo sura ya 6, mstari wa kwanza, polepole. Luka anasema kwamba siku zile wanafunzi walipokuwa wakiongezeka hesabu yao palikuwa na manung'uniko, kwa sababu wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Angalia kwamba ongezeko na manung'uniko vimo katika sentensi moja. Mitume hawakusema, "Tunaongezeka, kwa hiyo tuko salama." Waliliona ongezeko kuwa ndilo lililoleta hatari ya kumsahau mtu, wakaagiza wanafunzi wachague watu saba wa kushughulikia jambo hilo, na baada ya hapo, katika mstari wa saba, Luka anarudi kuandika kwamba hesabu ya wanafunzi ikazidi sana. Kwa hiyo ningesema kwamba idadi ni swali ambalo kanisa linaulizwa, na afya yake inaonekana katika namna linavyolijibu.

Sisi wa huku tuliolelewa na Uamsho wa Afrika Mashariki tulikuwa na kipimo kingine. Uamsho ule ulipata nguvu Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, baada ya daktari Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi kukutana Kampala mwaka 1929, ukavuka kwenda Uganda, Kenya na Tanganyika. Wazee wetu hawakuuliza, "Mmekuwa wangapi?" Waliuliza kama unatembea nuruni. Mtu akiokoka alionekana siku ya pili akibeba jembe la jirani aliloliiba miaka miwili iliyopita, akilirudisha mchana kweupe, au akienda kulipa kodi aliyoikwepa. Kulikuwa na kupita kiasi, siwezi kukataa. Kuungama hadharani kuliwahi kuaibisha hata wasiohusika. Lakini jembe likirudi, limerudi.

Mwalimu, Ngara

Ndugu yangu wa Bukoba, umeitaja Gahini, na Gahini iko Rwanda. Naomba niendelee kutoka hapo, kwa sababu sisi wa Ngara swali la Mzee hatukulisoma vitabuni.

Sijui kama ipo nchi yoyote katika bara letu ambayo kanisa lilikua kwa kasi kama Rwanda. Mfalme Yuhi Musinga alikataa kubatizwa, na mnamo Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa madarakani wakamweka mwanawe, Mutara Rudahigwa. Tangu hapo ikawa wazi kwa kila chifu na mwana wa chifu kwamba njia ya cheo inapitia kwenye ubatizo, na watu wakaingia kanisani kwa wingi mno hata wamisionari wakalifananisha jambo hilo na tufani. Mwaka 1943 Rudahigwa mwenyewe alibatizwa, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake wakfu kwa Kristo Mfalme. Ilipofika sensa ya 1991, takriban watu tisa kati ya kila kumi walijiandikisha kuwa Wakristo. Kwa fomu yako, Mzee, hakuna dayosisi ambayo ingeishinda Rwanda.

Miaka mitatu baadaye, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwa muda wa siku zipatazo 100, waliuawa watu zaidi ya 800,000, na wengi wao waliuawa na watu waliobatizwa nao katika kisima kimoja. Walikimbilia makanisani kwa sababu katika machafuko ya zamani kanisa lilikuwa limewahi kuwa kimbilio, na safari hii makanisa yakawa ndiyo machinjio: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Nyarubuye si mbali na mpaka wetu. Huko Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga watu wapatao 1,500 wakiwa ndani, na paroko wake, Athanase Seromba, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha. Mwaka 2008 rufaa ilimwongezea adhabu ikawa kifungo cha maisha.

Mwezi wa Aprili 1994 nilikuwa mvulana. Mto Kagera ulileta maiti, na watu wakaacha kula samaki. Mwishoni mwa mwezi huo, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia kwetu na kusimamisha mji wa maturubai pale Benaco. Wengi walikuwa raia waliojaa hofu, lakini katikati yao walikuwamo waliokuwa wameua wiki chache zilizotangulia. Na jambo ambalo sijalisahau hadi leo ni kwamba Jumapili kambi nzima ilikuwa inaimba. Waliimba kwa sauti nne, kwa ufasaha ambao kwaya yetu haijaufikia mpaka sasa, na mtu aliyesimama barabarani asingeweza kwa sauti ile kutambua nani alikuwa amemficha jirani yake na nani alikuwa amemtoa.

Nimelifikiria hili kwa miaka mingi, na sitaki kusema jambo jepesi kwamba Wakristo wa Rwanda hawakuwa Wakristo wa kweli. Huko Gisenyi alikuwapo mama mmoja mtumishi wa Kanisa Katoliki, Félicité Niyitegeka, ambaye aliwaficha Watutsi na kuwavusha mpaka. Kaka yake, aliyekuwa ofisa wa jeshi, alitaka kumwokoa. Yeye akakataa kuwaacha wale aliowaficha, akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili. Katika rejista ya parokia jina lake lilikuwa moja tu, sawa na jina la aliyemuua. Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa hesabu: kila mtu ni mmoja, na rejista haina namna ya kuonyesha kwamba huyu ni tofauti na yule.

McGavran, ambaye ndugu amemtaja, aliwahi kufundisha pia kwamba watu huingia kanisani kwa urahisi zaidi wasipolazimika kuvuka mipaka ya kabila, lugha na tabaka lao. Nadhani alisema kweli kuhusu namna watu wanavyoingia. Lakini kanisa ambalo halimdai mtu avuke mpaka wake hata baada ya kuingia litakuwa kubwa na mipaka itabaki palepale, na siku ya shida watu watasimama kwa kufuata mipaka, si kwa kufuata mabenchi. Maaskofu Katoliki wa Rwanda waliomba msamaha hadharani Novemba 2016 kwa ajili ya makosa ya waumini wao. Naiheshimu barua ile kuliko takwimu zote za miaka ya 1930.

Msharika aliye ughaibuni, Uppsala

Naongeza neno moja tu kutoka upande wa pili wa dunia, ili tusije tukadhani kwamba kanisa dogo ndilo lenye afya. Hapa Uswidi, katika miaka ya 1970 mapema, takriban watu 95 kati ya kila 100 walikuwa waumini wa Kanisa la Uswidi. Leo ni zaidi kidogo ya nusu. Lakini ile 95 ya zamani ilikuwa nini? Hadi mwaka 1996 mtoto aliyezaliwa na mzazi mshiriki aliingizwa kanisani kwa kuzaliwa tu, hata kabla ya ubatizo, na mchango wa kanisa hukatwa pamoja na kodi. Rejista ilijaa na mabenchi yalikuwa matupu. Sasa rejista inapungua, na wapo wanaosema kwamba ni afadhali, kwa kuwa wanaobaki wamechagua kubaki. Mimi nasitasita kukubali. Nimeabudu katika kanisa lililojengwa kwa ajili ya watu mia kadhaa tukiwa tisa, na sikuona kwamba wale tisa walikuwa wamesafishwa na uchache wao. Tulikuwa tu tisa, na baridi.

Mchungaji, Dar es Salaam

Shikamoo Mzee, na poleni kwa ushuhuda mzito, Mwalimu. Nimesoma yote, na baadhi yake imenibidi nisome mara mbili. Hata hivyo nitapinga kidogo, kwa kuwa naona mjadala unaelekea mahali ambapo mchungaji mvivu atapata mto wa kulalia.

Nimewahi kukutana na wenzangu ambao usharika haujapata mtu mpya hata mmoja kwa miaka mitano, na ukiwauliza wanakujibu kwamba wao wanaangalia ubora na si wingi. Ubora huo nao, ukiuchunguza, huuoni. Kanisa la Sardi lilikuwa na jina la kuwa hai nalo limekufa, ni kweli, na mahubiri mengi yanajengwa juu ya mstari huo. Lakini hakuna mahali Bwana anapolisifu kanisa kwa sababu ya kutozaa. Nyuma ya kila namba kuna mtu ambaye juzi hakuwa amesikia.

Shida yangu na taarifa ya Mzee ni nyingine: ninahisi kwamba hawakukua hata kidogo. Tufanye hesabu pamoja. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Tanzania na watu milioni 44.9, ya mwaka 2022 ikaikuta na milioni 61.7. Hilo ni ongezeko la asilimia 37 kwa miaka 10. Mzee anasema usharika wake umeongezeka kwa zaidi kidogo ya theluthi moja kwa muda kama huo. Kwa maneno mengine, wamezaa watoto kama Watanzania wengine wote walivyozaa, wakawabatiza, wakapiga makofi. Najua kwamba mikoa haikui kwa kasi moja, na vijana wengi wa Kilimanjaro wako huku kwangu, kwa hiyo huenda kwa mkoa wake hali si mbaya hivyo. Lakini ni lazima kwanza ajue watu hao walitoka wapi.

Wanaolifundisha somo hili hutofautisha njia tatu: kuna wanaoongezeka kwa kuzaliwa katika nyumba za Wakristo, kuna wanaohamia kutoka kanisa jingine, na kuna waliokuwa nje kabisa wakaamini. Huku Dar es Salaam njia ya pili ndiyo inayotudanganya. Mtu anatoka Moshi, Mbeya au Bukoba kutafuta maisha, analeta cheti chake cha kuhama, nami namwandika kama ongezeko; huko alikotoka jina lake mara nyingi halijafutwa, kwa hiyo anahesabiwa mara mbili. Akivutwa na huduma yenye spika kubwa zaidi mtaa wa pili, huko nako ataandikwa kama nafsi iliyookolewa. Mtu mmoja, kanisa tatu, shangwe tatu. Mimi mwenyewe nilipoanza kutenganisha njia hizo katika taarifa yangu niliona aibu, kwa sababu safu ya tatu ilikuwa na watu ambao ningeweza kuwataja wote kwa majina bila kuangalia daftari.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba usiitupe fomu, Mzee, ipasue. Andika waliozaliwa pekee, waliohamia pekee, walioamini pekee, kisha kaa na daftari la washarika mpitie jina kwa jina na kuuliza ni nani anayemjua mtu huyu na alimwona lini mara ya mwisho. Hiyo bado ni hesabu, lakini ni hesabu ya mchungaji wa kondoo. Ile nyingine ni ya mfanyabiashara wa mifugo.

Mzee wa Kanisa, Kilimanjaro

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu niliamua kufanya kwanza kabla ya kusema. Marahaba, Mchungaji, hesabu yako ya sensa niliipeleka katika baraza la wazee na ilinyamazisha kikao kwa muda mrefu, kisha mmoja akasema kwamba sensa ni mambo ya serikali na haihusiani na kazi ya Roho. Tuliendelea hivyohivyo.

Mwalimu wa Ngara, sikupata la kukujibu, na nadhani si la kujibiwa. Ila nilipokuwa nikisuluhisha tena kesi ile ya kihamba wiki iliyopita niliwakumbuka waimbaji wa Benaco, nikawaambia wale ndugu wawili kwamba hawatapanda pamoja kuimba katika kwaya ya wanaume mpaka jiwe la mpaka lirudishwe lilipokuwa. Mmoja amekasirika na kusema atahamia kanisa jingine. Akienda, mwakani nitaandika "waliohama: 1", na huko aendako wataandika ongezeko.

Kuhusu daftari, tulilipitia jina kwa jina mimi na katibu na wazee wa mitaa kwa jioni nne. Yalikuwapo majina ambayo hakuna mzee hata mmoja aliyeweza kusema mwenye nalo anakaa wapi, na mengine ya watu waliozikwa, mmoja wao akiwa amezikwa na sisi wenyewe. Tuliyaweka kando tukagawana kwenda kuwatafuta walio hai.

Wa kwanza kwangu alikuwa mama mjane, mbali kidogo ya barabara, chini ya migomba. Miguu imemshinda na hajafika kanisani kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo yote mitano tumemhesabu kila Januari, mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Nilipobisha hodi alinikaribisha vizuri, akaniwekea kigoda, akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kama nimekuja kwa ajili ya michango ya jengo.